Chupa Yangu ya Mate

Mimi karani wa mgodi huko Geita sikuzoea kuuliza njia, na hilo ndilo lililoniponza.

Vidonda vilinitoka mdomoni wiki ya kupeleka mahari. Dresa, mtibu wa zahanati ya mgodini, akanipa kichupa na kuniambia kipimo cha mate kipo Shinyanga. Niliposhuka kwenye lori nikaona nyumba yenye hadubini dirishani, na foleni ya wazee walioshika vichupa vya mate. Nikajua nimefika. Nikatema mate kwenye chupa yangu, nikawapita wote na kaptula yangu ya kaki iliyopigwa pasi.

"Vidonda viko mdomoni tu, au na miguuni?" akauliza mpimaji.

"Mdomoni tu," nikajibu kwa sauti ya ofisini.

"Hamu ya kula ipo?"

"Supu kidogo."

Akaweka kalamu chini. "Supu? Mgonjwa mwenyewe umemfunga wapi?"

Nikaonyesha mdomo wangu. Foleni nzima ikaangua kicheko, maana vichupa vyao vyote vilikuwa vya mate ya ng'ombe. Mzee mmoja alikuwa akijifuta machozi. Nikamtambua: baba wa mchumba wangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kumbe ng'ombe wa kwanza wa mahari ni wewe?"