Fundi vitasa na nyumba ya mlango wa bluu

Saa moja asubuhi, fundi vitasa amepiga magoti mbele ya mlango wa bluu, bisibisi mdomoni. Nyumba hii sasa ni ya benki. Mwenye nyumba alishindwa kulipa mkopo, akahama. Jumamosi inapigwa mnada, na kabla ya hapo kitasa cha zamani lazima kitoke.

Kinang'oka. Anaingia, anagonga kuta kwa kiganja, anafungua bomba la jikoni, anakagua dari. Kisha anasonya.

"Vyumba viwili, ukumbi unapitisha upepo," anasema. "Wengine wamepewa nini ambacho mimi nimenyimwa?"

Miaka kumi na moja amefungua nyumba za mnada, na hajawahi kumiliki hata choo. Kitasa kimoja humpa chakula cha siku mbili. Lakini kinachomnyima usingizi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akimbebea mkoba wa vifaa. Leo shemeji huyo ana nyumba tatu, zote za mnada, na zote fundi ndiye aliyezifungua.

"Nikipita mtaani kwake nageuza shingo," anasema. "Rangi mpya, geti jipya. Roho inaniuma, nisijidanganye."

Wanunuzi hawaruhusiwi kuingia ndani kabla ya mnada. Ndiyo maana shemeji humpigia simu kila mara kumuuliza hali ya nyumba. Na kila mara fundi, kwa wivu, huiponda nyumba: paa linavuja, msingi umetitia, choo kinarudisha maji.

Mwezi uliopita mkewe alimfumbua macho wakiwa mezani.

"Baba watoto, kwani hujui? Ndugu yangu anasema wewe ndiye dalali wake. Ukiiponda nyumba mpaka povu likutoke, anajua hiyo ni dhahabu, anainunua."

Kijiko kilimdondoka. "Zote tatu?"

"Zote tatu. Na hata chai hajakununulia."

Sasa simu inaita, fundi akiwa bado jikoni.

"Shem, hiyo ya mlango wa bluu vipi?"

Fundi anatazama dari iliyonyooka. Ulimi unamwasha, lile paa linalovuja limeshafika mdomoni. Anameza mate.

"Nzuri, shem. Imara kabisa. Naitaka mwenyewe."

Shemeji anaangua kicheko.

"Acha utani, bwana! Umeanza lini kusifia?"

"Nimekwambia naitaka."

"Haya, chukua. Hiyo lazima ina nyoka. Mimi natafuta nyingine."

Fundi anakata simu, anakaa sakafuni, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Ameshauza pikipiki yake, na amana ya kuingilia mnadani ipo.

"Jumamosi nasimama mbele kabisa, mikono mitupu, bila bisibisi," anasema baadaye mlangoni, akikaza skrubu ya mwisho ya kitasa kipya. "Nikiipata, naanza na rangi. Kali kuliko ya geti lake. Apite hapa, na yeye ageuze shingo."