Chumvi ya Sur

Kuruthum alikuwa amechoka mpaka nyayo. Ijumaa hiyo ya Januari mabosi zake, familia ya Kiomani aliyoifanyia kazi za ndani, walipokwenda Ibra kula kwa bibi yao, aliteremka pwani ya Sur akapiga picha za miamba. Maji ya bahari yalikuwa yamekauka juu yake yakaacha chumvi, tabaka juu ya tabaka, nyeupe kama barafu. Akamtumia mama yake aliyeko Tanga.

Jibu likaja kwa sauti: “Barafu yote hiyo, mwanangu? Vaa sweta, usije ukaugua.”

Kuruthum alikuwa anatokwa jasho. Alitaka kusema ni chumvi tu. Lakini mwaka wa tatu huu, nyumba nzima ilimwambia afue, apike, apige pasi. Hakuna aliyemwambia ajifunike.

“Nimevaa, mama,” akajibu, akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio.