Mwanamke wa Dakika ya Kumi na Moja

Kazini kwetu tunamwita Sikio, na jina hilo nilimbandika mimi. Yeye hukata karatasi kwenye mashine ya kisu kikubwa, mimi hubandika migongo ya vitabu kwa gundi. Meza zetu zimepakana, na kwa miaka tisa hajanishinda kwa maneno hata siku moja. Lakini kila Jumatatu asubuhi, kabla hajagusa rimu ya kwanza, huchukua kipande cha karatasi ngumu kilichobaki na kukibandika ukutani, juu ya birika la chai. Kichwa chake ni kilekile: Albamu Tano za Wiki.

Usidhani ni muziki wa kuchezeka. Mara watu wawili wanakwaruza masinia ndani ya tangi tupu la maji, dakika arobaini nzima. Mara mtu amerekodi lifti mbovu ikipanda na kushuka, kisha akaipunguza mwendo mpaka inalia kama ng'ombe. Sikio huwasaka watu hawa mtandaoni, huwasikiliza wiki nzima, halafu huwapanga wa kwanza hadi wa tano na maelezo mafupi. "Isikilizwe umekaa." "Usiiwashe ukiwa na njaa." Wenzetu husoma, hucheka, humimina chai. Mimi nilicheka kuliko wote. Ila nilikuwa sikosi kusoma hata neno moja, na hilo sikumwambia mtu.

Nyumbani anaishi na mama yake. Mama huyo alikuwa mpishi wa bweni, mwanamke ambaye akiita jikoni unamsikia getini. Miezi kumi iliyopita alipata kiharusi, na tangu hapo hakuwa ametoa sauti yoyote. Mkono wa kulia ulianza kurudi, sauti ikagoma. Mtaalamu wa hospitali alisema huenda ikarudi, huenda isirudi, wampe muda. Kaka mkubwa wa Sikio ni mkandarasi, mtu wa ratiba, na muda alikuwa ameshachoka kuutoa. Kwa maoni yake, makelele ya mdogo wake ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza Mama. Akatangaza kwamba Jumamosi angekuja na gari kumhamishia kwake, kwenye utulivu.

Sikio hakubisha. Alinywea tu, akawa anachonga penseli iliyokwisha kuchongoka.

"Labda kweli namdhuru, dada," akaniambia.

Jumatatu ya wiki hiyo, nafasi ya kwanza aliipa albamu ya mtu anayepiga vyuma na kinanda kilichong'oka nusu ya nyuzi. Aliandika: "Wimbo wa tatu, dakika ya kumi na moja, mwanamke anaanza kuimba kwa chini, midomo ameifumba. Anapotea, anarudi. Jana nimemrudia mara nne. Sijawahi kusikia sauti inayojitafuta hivi."

Udadisi ukanishinda. Nikamwomba flashi, nikavaa hedfoni wakati wa chakula cha mchana, nikasikiliza mara mbili. Vyuma vipo, kinanda kipo.

"Wewe Sikio, mwanamke wako yuko wapi?"

"Dakika ya kumi na moja."

"Nimefika mpaka ya ishirini. Hayupo."

Akanuna. Akaninyang'anya hedfoni, akafumba macho. Alipozivua, uso ulikuwa umemshuka.

"Lakini mimi nimemsikia," alisema. "Tena Jumapili yote."

Basi kazi haikwenda mchana ule. Nyumbani hatumii hedfoni hata kidogo. Husikiliza kwa spika sebuleni, mlango wa chumba cha Mama wazi, ili Mama akigonga kikombe amsikie. Kwa hiyo sauti, kama ilikuwapo, ilitoka mle mle ndani. Tukaandika washukiwa nyuma ya jalada lililoharibika: friji, pampu ya jirani, bomba la choo.

Jumanne jioni alizima friji. Jumatano akamwomba jirani awashe pampu. Alhamisi akafungua bomba kidogo, kisha zaidi, kisha likamlowesha. Na kwa kuwa maneno ya kaka yake yalikuwa yamemwingia, kila jioni kabla ya jaribio alimpeleka Mama kwanza kwenye baraza la jirani, asisumbuliwe na makelele. Mwanamke hakutokea.

Ijumaa alikuja kazini mnyonge.

"Nimejitungia, dada. Masikio yamechoka. Jumatatu sibandiki kitu."

Mimi, niliyemcheka miaka tisa, nilitakiwa kufurahi. Iliniuma, tena vibaya.

Jumamosi mchana nilikwenda kwao, nikisingizia kumuaga Mama. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chumbani kwake, kitambaa kichwani, begi miguuni, macho dirishani. Kaka mkubwa alikuwa nje akipanga mito kwenye kiti cha gari. Nikamvuta Sikio pembeni.

"Iweke mara moja tu. Kila kitu kiwe kama Jumapili ile. Spika palepale, friji inawaka, mlango wazi."

"Na Mama?"

"Jumapili alikuwa wapi?"

"Hapo hapo chumbani."

"Basi mwache hapo hapo."

Wala sikuwa nimegundua kitu, nisijitie ujanja. Nilikuwa mbishi tu.

Akawasha. Vyuma vikagongana, kinanda kikakohoa. Dakika ya tisa kaka mkubwa aliingia, akakunja uso, akatazama saa. Dakika ya kumi na moja, akaja. Sauti nzito, ya chini, yenye mikwaruzo. Ikapotea. Ikarudi.

"Huyo!" Sikio alipiga magoti, akabandika sikio kwenye spika. "Mmemsikia? Huyo!"

"Hata siku ya kuondoka kwake huwezi kumpa Mama amani?" kaka mkubwa alifoka, akauvuta waya wa spika mpaka plagi ikachomoka ukutani.

Vyuma vilinyamaza. Kinanda kilinyamaza. Mwanamke akaendelea.

Tukageukia mlango wa chumba uliokuwa wazi. Mama alikuwa bado anatazama dirishani, midomo ameifumba, kidole cha mkono wa kulia kikigonga mkono wa kiti. Aliishiwa pumzi, akanyamaza, akavuta nyingine, akaanza tena pale alipoachia. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Kisha akakatisha, akageuka kuitazama spika, kidole kikabaki juu, kinangoja.

Kaka mkubwa, mtu wa suruali za kunyooshwa, alishuka chini kwa magoti, waya mkononi, akawa anapapasa ukuta nyuma ya kochi.

"Inachomekwa wapi hii?" aliuliza. "Nionyeshe basi, inachomekwa wapi?"

Gari lilirudi na mito yake tu. Jumatatu nilifika kazini mapema kuliko kawaida, na karatasi ilikuwa imeshabandikwa juu ya birika. Chini ya zile tano kulikuwa na mistari mitatu ya penseli:

"Masahihisho. Mwanamke niliyemtaja wiki jana hayumo kwenye albamu. Ni Mama. Nafasi ya kwanza inabaki palepale."