Kisanduku cha Ruhusa

Alama kwenye kisanduku cha ruhusa niliitia mimi mwenyewe, kwenye simu ya yaya, kaka yangu mkubwa, Jumamosi moja alipokuwa akifunga mizigo ya kwenda Kampene. Hata sikumwambia ni ruhusa ya nini. Nilikuwa nimeunda programu ya mtandaoni kwa waendesha pikipiki wanaobeba mizigo huku na huko: dereva anajaza njia na saa ya kufika, anabonyeza "Naondoka", na mwenye mzigo anajua. Miezi minne ilikuwa inafanya kazi vizuri. Sasa nilikuwa nimeiunganisha na mtandao wa kijamii ambao nusu ya mji wetu wa Kindu inashinda humo, ili kila safari ijitangaze yenyewe kwenye ukurasa wa dereva. Nilijiona mjanja kweli. Nilianza kuijaribu kwa yaya.

Mtu aliyelelewa na mama yangu hakupaswa kufanya hivyo.

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa na mashamba yakabaki upande wa hatari, mama alikuwa na utaratibu wake. Jembe alilificha kichakani siku moja kabla. Asubuhi alitoka na ndoo tupu, akawaambia majirani anashuka mtoni kuteka maji, kisha akakata kona kuelekea shambani. Safari yake aliitaja akisha kurudi, muhogo uko chunguni. Baba, mwalimu wa madrasa, aliuchukia uongo huo. Siku moja baada ya sala aliwaambia wenzake barazani kwamba kesho atafuata muhogo, na atapita kando ya reli. Hakurudi. Nani alilifikisha neno lile kwa wenye bunduki hatukujua, na mama hakuuliza. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wakisema nimefanana na baba nilifurahi siku nzima. Mama peke yake hakuwahi kulisema neno hilo.

Jumanne iliyofuata, mchana, nilifungua ukurasa wa yaya nijisifu kidogo. Picha yake ilikuwa pale, anacheka, na chini yake maneno ya programu yangu: ameondoka Kampene asubuhi hii na mizigo minne, anapita barabara kubwa, atafika kivukoni saa kumi. Watu walikuwa wamempongeza. Mmoja asiye na jina wala picha alikuwa ameuliza: "Iko peke yake?"

Wiki ile watu walikuwa wakiporwa kwenye barabara hiyohiyo, na dereva mmoja alikuwa amezikwa. Nilijaribu kuufuta ujumbe ule, ukakataa. Nilikuwa nimeuomba mtandao ruhusa ya kuandika kwa niaba yake tu. Ya kufuta sikuiomba, kwa uvivu wangu. Mwenye kufuta alikuwa yaya, na simu yake haikupatikana. Na watu walikuwa wamekwisha kuusambaza.

Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamsomea. Mchi ukasimama.

"Nani iko anasoma hiyo?"

"Watu wote, mama."

"Wote?"

"Wote."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alijifunga kitenge chake, tukashuka kivukoni.

Saa kumi ikafika, ikapita. Mitumbwi ilileta watu na ndizi kutoka ng'ambo, yeye hayumo. Nikaanza kumchukia kila aliyeshuka akiwa mzima. Saa kumi na moja alishuka mama mmoja wa makamo, kitambaa kimemponyoka kichwani, anapaza sauti.

"Kule kwa daraja iko watu na mapanga! Wanatafuta pikipiki ya mizigo ine. Sisi wengine wametuacha tupite."

Mama alinishika mkono, akaufinya. Nilitaka uniume zaidi.

"Mama! Munafanya nini hapa?"

Sauti ilitoka nyuma yetu, upande wa mjini. Alikuwa yaya, ameoga, shati safi, anatafuna karanga. Nilimrukia nikampiga ngumi mbili za kifua huku nalia.

"Ulikuwa wapi? Umeandika saa kumi!"

"Nilivuka jana. Nililala kwa wakwe. Mizigo nilishagawa, na simu ilikuwa kwa chaji."

"Lakini leo asubuhi ulibonyeza 'Naondoka'!"

"Minabonyezaka nikiisha kufika." Alinishangaa kweli. "Na njia ninaandikaka ile sikupita. Tangu siku ya kwanza. Nani anasemaka njia yake mbele ya kwenda?"

Miezi minne ya safari zake ndani ya programu yangu, saa zote na njia zote, ilikuwa ile ndoo tupu ya mama. Sikuwahi kushuku hata siku moja.

Mama alicheka mpaka akakaa mchangani. Alimvuta yaya, akampangusa begani vumbi ambalo halikuwepo, akamwita mutoto yangu, mutoto yangu. Kisha akanigeukia, na kicheko kikaisha.

"Weye," alisema, "uko sawasawa na baba yako."

Maisha yangu yote nilikuwa nimelisubiri neno hilo litoke kinywani mwake. Nilimwomba yaya simu. Nikaufuta ujumbe, nikakitafuta kile kisanduku na kukiondolea alama, na mama akasimama pembeni yangu mpaka nilipomaliza.