Filimbi Niliyoificha Mdomoni

Habari hii siku zote inasimuliwa na watu wengine huku mimi mwenyewe nipo nimekaa hapo hapo, tena wanaitia chumvi mpaka juzi nimesikia eti nilitolewa uwanjani na polisi (polisi hawakuwepo kabisa, nilitolewa na refa tu), kwa hiyo leo acheni niitoe mwenyewe kwa mdomo wangu, huo huo ulioniponza. Aibu nimeziona nyingi, nimeshawahi kuanguka na trei zima la sindano mbele ya mganga mkuu, lakini hii ya Tarime imezipita zote, maana ilinikuta mbele ya uwanja mzima na mbele ya mwanafunzi wangu.

Mimi naitwa Zaituni, ni nesi, mtu wa Singida. Serikali ilinileta Serengeti nikiwa msichana mwembamba, sasa ni mama mtu mzima, nipo kituo cha afya upande wa Morotonga hapa karibu na Mugumu, na watu wote wananiita Sista. Wodini ni mkali, sikatai. Wanafunzi wa uuguzi wakiletwa kwetu kujifunza kwa vitendo wananiogopa mpaka wanasahau majina yao. Isipokuwa Wegesa.

Huyu binti alikuwa mwaka wa mwisho, si mrefu sana, mabega mapana, miguu haijui kutulia. Siku yake ya kwanza mgonjwa akatapika pale sakafuni, wenzake wakabaki wanatazamana nani aanze, yeye ameshashika ndoo, na huku anadeki anampanga huyu amwinue mgonjwa, yule alete maji ya kunywa, wote wanamtii na hajapandisha sauti hata kidogo. Nikauliza huyu ni nani? Wakaniambia, "Ndiye kapteni wetu wa basketi, Sista."

Basketi mimi nilikuwa siijui hata kwa kuiota, ila jioni moja nikapita uwanjani kwao nikamwone, na hapo ndipo nilipopotea jamani. Yule mtoto anapandisha mpira mwenyewe kutoka nyuma, mkimziba njia anarusha kutoka mbali unaingia, mwenzake mrefu akiumia anaingia yeye chini ya kikapu anasukumana na mijitu iliyomzidi kichwa kizima, na mpira ukipotea ni yeye wa kwanza kurudi kukaba. Mwalimu Chacha, anayefundisha sekondari ya jirani na ndiye mwenyekiti wetu wa mashabiki (alijiteua), alikuwa anasema Wegesa ni kama panga la nyumbani, linapasua kuni, linafyeka majani na likitakiwa kuchinja kuku linachinja. Lakini mimi kilichonimaliza ni kingine. Mwenzake akikosa kikapu, kabla hajapata nafasi ya kuinamisha kichwa, Wegesa ameshamfikia na kumgonga kiganja, "Twende, twende!" Nikawa sikosi mechi. Nikabadilishana hadi zamu.

Basi ikaja fainali ya bonanza la vyuo, inachezwa Tarime, na wapinzani ni wenyeji wenyewe. Mshindi anakwenda Mwanza, na kwa Wegesa ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho kwa sababu anamaliza chuo. Mashabiki tukakodi basi dogo, ndani yupo Mwalimu Chacha na ngoma yake, na yupo Mzee Marwa, mfugaji wa pale kwetu, ambaye sheria za mchezo hazimhusu, yeye anachojua ni kwamba Wegesa ni binti wa kijijini kwao na kile kikapu kimetoboka chini.

Sasa mimi wiki hiyo nilikuwa na mafua, mafua ya kweli, pua zote mbili zimeziba na sauti imekwenda zake. Tarime tukaikuta na baridi na manyunyu. Tulipoteremka stendi wenzangu wakaanza kuimba, na mimi nikafungua mdomo, ikatoka sauti kama ya paka aliyekanyagwa.

"Sista, wewe leo pumzika," Mwalimu Chacha akaniambia kwa huruma. "Tutakushangililia."

Kunishangililia! Yaani nimetoka Mugumu kuja kushangililiwa? Iliniuma. Na pale pale mbele yangu akapita machinga na vichana, vikata kucha na vifilimbi vidogo vya plastiki vyekundu. Nikanunua kimoja. Ndiyo uamuzi wenyewe huo, hakuna kingine nilichofanya siku hiyo kwa kufikiri. Kamba yake ilikatika nilipokuwa naivaa, nikaona si neno, nitakishika mkononi.

Mechi ilipoanza nikajizuia vizuri tu. Tukifunga, nampulizia kidogo Wegesa, pii pii, watu wanacheka, hata refa aliniangalia mara moja akanionyesha kidole kwamba hapana, nikatingisha kichwa kwamba nimeelewa. (Nilielewa kweli, naapa.) Lakini mchezo ukawa mgumu, wenyeji wanafunga, sisi tunafunga, Ester wetu mrefu akajaza faulo akatolewa, na Wegesa akahamia chini ya kikapu kuziba pengo lake huku bado ndiye anayepandisha mpira. Kuna binti wa mwaka wa kwanza, Anjela, siku hiyo kila alichorusha kinagonga chuma, macho yameshajaa machozi, nikamwona Wegesa anamshika mabega anamwambia kitu, wakacheka wote wawili. Kucheka! Wakati mimi huku juu presha imepanda.

Tukafika mwishoni kabisa, zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja, mpira wanao wenyeji. Mara Wegesa akajitokeza sijui wapi, akaunyaka mpira, huyooo! Yuko peke yake! Mbele hakuna mtu, ni yeye na kikapu, uwanja wote umesimama, Mzee Marwa kashika fimbo yake juu anapiga kelele "Mura! Mura!" (kumwita binti mura, kama vile ni kijana wa kiume, lakini nani alikuwa anajali), na mimi, jamani, sijui mkono ulipandaje, nikajikuta kifilimbi kipo kwenye meno na nimepuliza kwa mapafu yote niliyopewa na Mungu.

Piiiiiii!

Wegesa akasimama. Kapteni mwenye nidhamu, amesikia filimbi, amesimama, mpira mkononi, anamgeukia refa. Wenyeji nao wakasimama. Refa ametoa macho, kafungua mikono miwili. "Mimi sijapuliza!" Halafu ndiyo akapuliza sasa, ya kwake, kusimamisha saa, akasema mpira ni wa kwetu ila tutaurusha kutoka pembeni. Yaani kile kikapu cha bure kimeota mbawa, na mabeki wao wote wamesharudi.

Uwanja ukalipuka. "Nani kapuliza?" Macho yakaanza kupita kwa watu, mmoja mmoja, na mimi badala ya kunyoosha mkono kama mtu mzima, nikafunga midomo. Kifilimbi kikiwa ndani. Chote. Mashavu yamenivimba kama nina jipu la jino.

Mzee Marwa akanigeukia. "Nesi, wewe umemwona aliyepuliza?"

Nikatingisha kichwa kwamba hapana.

"Ni hawa wenyeji," akasema Mwalimu Chacha, ngoma ameshaitupa chini. "Ni yule pale mwenye vuvuzela!" Akaruka kwenda kumkamata kijana mmoja wa bodaboda wa upande wa wenyeji, na nusu ya basi letu ikamfuata. Yule kijana, mtu wa Sirari kule mpakani na Kenya, kainua mikono, anajitetea, "Aki si mimi! Mimi niko na vuvuzela tu, filimbi nitoe wapi, buda?" Wenzake nao wakaja kumzunguka. Mtu akamsukuma mtu. Nikaona kabisa watu wanataka kuumizana kwa ajili yangu, na nikitaka kusema, kusema nitasemaje na mdomo umejaa?

Na hapo kumbukeni yale mafua. Pua zimeziba. Hewa ilikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ina filimbi. Nikabana pumzi. Nikazidi kubana. Macho yananitoka, masikio yanavuma, najijua kabisa kama nesi kwamba dalili hizi si nzuri.

Wegesa alikuwa ameshafika pale kwenye ugomvi, amesimama katikati, mkono mmoja kifuani kwa Mwalimu Chacha na mwingine kwa wale wa bodaboda. "Mwalimu, rudi ukakae. Mpira bado ni wetu. Tunacheza, hatupigani." Na watu wakaanza kurudi nyuma! Halafu akaniona mimi. Akabadilika uso.

"Sista! Mbona hupumui? Sista amepaliwa!"

Akapanda ngazi mbili mbili, akaniinamisha, na akanipiga kofi la katikati ya mabega, vile vile nilivyomfundisha mimi mwenyewe wodini. La kwanza, kikalia ndani, piip. La pili (mkono wa yule mtoto ni mzito, anavuta mpira kwa majitu), kikatoka. Kikaruka chekundu, kikadunda kwenye sakafu ya uwanja, kikazunguka zunguka, kikaenda kulala mbele ya kiatu cha refa.

Refa akakiokota kwa vidole viwili maana kilikuwa na mate.

"Kumbe ni wewe mama?" akasema Mzee Marwa taratibu, kwa masikitiko, kama mtu aliyemkuta mwizi wa ng'ombe ni shemeji yake.

Halafu wakacheka. Wenyeji, sisi, wachezaji, hata Ester kwenye benchi. Wegesa naye alicheka, mkono mdomoni, lakini akawa wa kwanza kunyamaza. Akaniinamia sikioni.

"Sista, naomba uende ukamwombe radhi yule kaka wa vuvuzela. Tunakusubiri."

Mwanafunzi wangu ananiambia hivyo! Na mimi nikaenda. Nikavuka uwanja wote na dera langu la rangi ya chuo, watu wananihesabia hatua kwa makofi, nikamshika yule kijana mkono nikamwambia kwa sauti yangu ile ya paka, "Nisamehe mwanangu, ni mimi." Akasema, "Hakuna noma, mathe." Mwalimu Chacha naye akaja nyuma yangu akamwomba radhi, kichwa chini.

Nikadhani yameisha. Refa akasema, "Mama huyu atoke nje ya uwanja." Nikamtazama Wegesa, nikijua kapteni wangu atanitetea.

"Sawa, refa," akasema.

Kwa hiyo sekunde za mwisho za fainali niliziangalia nje ya uzio wa waya, nimesimama juu ya kreti la soda la mama mmoja anayechoma mahindi, mama wa watu ananishikilia dera nisianguke. Kila mtu pale alijua mpira atapewa Wegesa. Wakamrushia. Wenyeji wawili wakamwendea, wa tatu akaongezeka, akainua mikono kama anarusha, mimi nikafumba macho, nikafumbua, na mpira hana! Ameutoa! Amempa Anjela, yule yule aliyekosa mchana kutwa, amesimama peke yake hakuna hata aliyehangaika kumkaba.

Anjela akarusha.

Nawaambia ule mpira ulikaa juu ya chuma kama unajifikiria. Ukaingia. Honi ikalia!

Nililia, nikamkumbatia mama wa mahindi, tukayumba na kreti tukaanguka wote, mahindi yakamwagika, hakuna aliyejali. Ndani watu wamembeba Anjela, Mzee Marwa anacheza katikati ya uwanja na fimbo yake, na mlinzi wa geti anakataa kunifungulia. "Si wewe ndiye mama wa filimbi? Hapana, refa hajasema."

Wegesa akanitafuta. Akaja mpaka kwenye uzio, jasho linamtiririka, akapitisha vidole kwenye waya, akanishika vyangu.

"Umeona, Sista? Umemwona Anjela?"

"Nimemwona. Kwa nini hukurusha wewe?"

"Alikuwa wazi," akasema tu, akanishangaa kwa swali.

Mwanza nilikwenda, alisema mwenyewe nikae benchi nao kama nesi wa timu, mahali ambapo ataniona. Tangu siku ile nimeapa, uwanjani nakwenda na mikono yangu miwili ya kupigia makofi, na sauti ikigoma nakaa kimya kama binadamu wengine. Nimetimiza. Lakini watu wa kwetu hawasahau. Mpaka leo timu ya chuo ikicheza, kabla refa hajarusha mpira juu, Mzee Marwa lazima anigeukie pale kwenye ngazi, mbele za watu, mbele za wagonjwa wangu, anasogeza uso karibu na kukunja macho yake ya uzee.

"Nesi, fungua mdomo."

Na mimi nafungua.