Mume Aliyelala Akitazama Ukuta

Kiwanda cha pale mjini kilipouzwa, mume wangu alipunguzwa kazi pamoja na wenzake. Tukapanda kwetu mlimani. Sisi Waluguru shamba ni la upande wa mama, basi mjomba wangu akatukatia kipande. Kipande chenyewe kimesimama wima!

Siku ya kwanza mume wangu akalima kama yuko tambarare, uwanja wa mpira. Mguu ukateleza, akashuka na jembe lake mpaka kwenye migomba ya jirani. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo. Kesho yake hakuamka. Kalala, uso ukutani. "Mama watoto, niache. Mimi ni mtu wa mashine." Wiki mbili hizo!

Mjomba akaja na sauti yake ya puani: "Mpwaaa! Umeniletea mkwe au mgonjwa? Mvua ikianguka shamba halijalimwa, nampa mwingine." Hata kukaa hakukaa.

Nikalima peke yangu siku mbili, nikaona sifiki popote. Nikakaa palepale kwenye udongo, nikalia.

Alfajiri ya siku ya tatu nikaenda nyuma ya nyumba, nikabana pua, nikalia kama king'ora cha kiwandani: "Uuuuuuu!"

Mwanamume akaruka! Namsikia anapapasa viatu: "Nimechelewa, nimechelewa!" Akatoka na kiatu kimoja, akanikuta nimeshika mbavu.

"Mwanamke, una wazimu?"

Nikatoa tumbo mbele kama msimamizi wake: "Wewe! Zamu imeanza! Mashine yako ile pale!" Nikamwonyesha jembe.

Alinuna, lakini alilichukua. Nikamfundisha: simama chini, tazama juu, udongo uvute kwako, ukate ngazi za kuzuia udongo usiporomoke. Akajaribu. Ngazi ya kwanza ikakaa.

"Kumbe hata hili lina utaratibu wake," akasema. Basi, akishaanza hasimami, mimi ndiye nikawa naomba kupumzika!

Mjomba alirudi mawingu yameshafunika kilele. Akapanda ngazi zetu mojamoja, anabonyeza udongo kwa kidole gumba cha mguu, anatafuta kosa.

"Hii hapa imepinda."

Mume wangu akajifuta jasho. "Mlima ndio umepinda, mjomba."

Mjomba akakohoa. "Mbegu za maharage mnazo?"

"Ziko ardhini tangu juzi," mume wangu akamjibu.

Nilipiga vigelegele mpaka bonde likaitikia. Jioni ileile mvua ikaanguka, na sisi wawili tumekaa mlangoni, tunaitazama inavyoshuka ngazi kwa ngazi.