Fimbo Yenye Kitambaa

Mama Meno hana makuu, ila meza yake ya dirishani usiiguse. Mumewe aliigusa mara moja tu, akitafuta mkasi. Akaona kivumbi cheusi juu ya karatasi, akakipuliza, kumbe kivumbi kile kilikuwa mtutu wa bunduki ya ndege ya plastiki. Walitambaa sakafuni wote wawili na tochi mpaka wakaupata kwenye soksi ya bwana mwenyewe. Tangu siku hiyo akipita karibu na meza ile hubana pumzi.

Jina lake limetokana na kazi. Nyuma ya zahanati moja ya meno kuna chumba kirefu chenye sinki, majiko mawili madogo ya gesi, na rafu zilizojaa plasta zenye umbo la fizi za watu. Humo ndimo anamotengenezea meno ya bandia, huu mwaka wa ishirini na sita. Ukicheka mbele yake anajua jino lipi si lako, lakini ana adabu zake, hasemi. Akirudi nyumbani jioni, mikono ileile, na mara nyingine vifaa vilevile vilivyochakaa, huhamia kwenye ndege za vita za plastiki. Ni zile zinazouzwa ndani ya boksi, vipande mia na kitu vimeshikana kwenye fremu, pamoja na karatasi ya maelekezo. Hukata kipande, hukipiga msasa kingo, hukipaka rangi kwa brashi ya nywele tatu, kisha hukigundisha. Juu ya kabati la nguo zimepangwa kumi na tisa, na wewe uliyezoea kuweka masanduku juu ya kabati utafute pengine.

"Na vita vyenyewe huvipendi," mumewe humtania.

"Vita sivipendi. Napenda kujua kitu kimeshikanaje."

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mjomba wake.

Mjomba, mdogo wa marehemu mama yake, alikuwa vitani ujanani mwake, kwenye kiwanja cha ndege cha jeshi. Aliporudi akawaambia wapwa zake kwamba kule alikuwa fundi wa ndege. Ushahidi wake ulikuwa picha moja tu, isiyo na rangi. Kijana mwembamba amesimama kando ya ndege ya injini mbili, miguu kaitanua, ameinua juu fimbo ndefu yenye kitambaa kwenye ncha. Mama Meno akiwa na miaka minane aliitazama picha hiyo mpaka macho yakamuuma. Fundi na fimbo wapi na wapi? Spana ziko wapi? Mbona anatazama mbele kabisa, wala haangalii kamera? Alipomuuliza, mjomba alicheka, akampa peremende, akaanza habari za mvua.

Dada mkubwa wa Mama Meno hakuhitaji kuuliza. "Fundi wa nini? Hiyo ni fimbo ya kutolea buibui. Mjomba alikuwa mfagizi." Ukoo mzima ukaangua kicheko, na kuanzia hapo mjomba akawa Fundi Buibui, mpaka kwenye harusi za watu. Mwenyewe alicheka pamoja nao.

Mama Meno hakucheka. Kwake kufagia hakukuwa na aibu yoyote. Kilichomchoma ni kwamba yeye alimwamini. Ni kwa sababu ya mjomba yule alinunua ndege yake ya kwanza kwa mshahara wake wa kwanza, na kama mjomba aliwadanganya watoto, basi yeye peke yake ndiye aliyedanganyika hasa, tena kwa miaka arobaini na zaidi.

Sasa mjomba ni mzee, anaishi kwa dada mkubwa, na kumbukumbu zinamtoka. Yalianza kumtoka majina, yakafuata maneno yenyewe. Siku hizi anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kusema kitu. Mwezi uliopita alimwangalia Mama Meno kwa upole, akamwita "bibie", kama unavyomwita karani wa posta. Mama Meno alirudi nyumbani amenyong'onyea, na njiani akajua kwamba akizidi kuchelewa, lile swali la fimbo halitakuwa na wa kulijibu.

Ndipo akaagiza boksi la ndege ileile ya kwenye picha. Aliilinganisha kwa kioo cha kukuzia: mikia miwili, injini mbili, magurudumu mawili chini ya mabawa na moja chini ya pua. Wiki sita akawa nayo. Alipaka viti, akapaka mikanda ya viti, akapaka hata upande wa ndani wa milango usioonekana na mtu. Nia yake ilikuwa moja: aiweke mbele ya mjomba, aone uso wake utasema nini.

Magurudumu huwekwa mwisho, yasivunjike. Asubuhi ya Jumapili aliyopanga kumpelekea, gundi ilipokauka, aliisimamisha ndege mezani kwa mara ya kwanza. Ikaketi. Mkia chini, pua juu, gurudumu la mbele linaning'inia hewani. Akaiinamisha, akaiachia, ikaketi tena.

Alifungua droo, na kizibo cha soda kilikuwa palepale. Ndani yake kulikuwa na chembe za chuma zilizobaki kwenye meno ya bandia, alizozipima mwenyewe ili azigundishe ndani ya pua, maana ndege za namna hii mkia ni mzito na pua ni nyepesi. Siku ya kuifunga pua alinogewa na kupaka saa za vipimo za rubani, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama, akafunga kwa furaha, chembe zimesahaulika drooni. Hilo ni kosa la mjuzi. Anayeanza hawezi kulifanya, kwa sababu anayeanza husoma karatasi ya maelekezo.

Kuifungua kungevunja vioo vyote vya mbele. Na mjomba, nani ajuaye wiki ijayo atakuwaje? Akaitia kwenye boksi la viatu pamoja na pamba, akaondoka nayo amenuna.

Kwa dada mkubwa alimkuta mjomba kwenye kiti chake karibu na dirisha, na dada kwenye kochi, anashona vifungo.

"Shikamoo mjomba."

Mjomba alitabasamu tu.

Mama Meno akaweka ndege kwenye meza ndogo mbele yake. Ikaketi.

"He!" Dada akacheka. "Wiki sita zote hizo, ndege imekalia makalio! Fundi Buibui, umeona kazi ya mwanao?"

Mjomba hakutabasamu tena. Alisogea mbele, akaitazama ndege, akatazama chini ya mkia, akatazama chini ya meza. Kisha akasema kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa miezi, sauti ya mtu mwenye kazi:

"Nguzo iko wapi?"

"Nguzo gani, mjomba?"

"Nguzo ya mkia! Mnawapandisha watu wa nyuma kabla sijaweka nguzo? Itaketi, itavunjika, nyie!"

Karatasi ya maelekezo haikuwa na nguzo yoyote. Mama Meno akachukua kijiti cha kuchokolea meno kutoka mezani, akakivunja kwa kipimo, akampa. Mkono wa mjomba ulikuwa ukitetemeka hata kwa kijiko cha uji, lakini alikiingiza kijiti chini ya mkia pale panapostahili, kwenye kibonyeo kidogo ambacho Mama Meno alikipiga msasa wiki nzima bila kujua ni cha nini. Ndege ikasimama sawasawa kwa magurudumu yote matatu.

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako?" Mama Meno akauliza taratibu.

"Hiyo. Niliwaambia watu nimeshika nguzo, wakacheka. Nikasema basi, fundi." Akagusa ncha ya kijiti. "Kitambaa."

"Kitambaa cha rangi gani?"

"Chekundu. Rubani asipokiona haondoki."

Sindano ya dada ilikuwa imesimama. Alifungua kopo lake la nyuzi, akakata uzi mwekundu, akaja kupiga magoti kando ya meza, akaufunga mwenyewe kwenye kijiti.

Mjomba akasikiliza kitu ambacho wao hawakukisikia. "Wa mbele wameshaingia," akasema, akaichomoa nguzo. Mama Meno akawahi kubonyeza pua ya ndege kwa kidole isikae tena. Mjomba akasimama, polepole, bila kushikwa, akatanua miguu, akainua kijiti juu kabisa, uso ameuelekeza mbele. Alikuwa ni yule wa kwenye picha.

Akabaki hivyo.

"Mjomba, unangoja nini?" Mama Meno akanong'ona.

"Wanipungie. Wakishaona nimeitoa, hunipungia mkono. Kuna waliokwenda hawakurudi, na mtu wa mwisho kumpungia ni mimi."

Mama Meno hakuweza kuachia pua ya ndege. Dada mkubwa, angali amepiga magoti, ndiye aliyeinua mkono wake wenye subana ya kushonea kidoleni, akampungia.

Mjomba akateremsha kijiti, akasogea nyuma hatua moja kuwapisha.

"Haya," akasema. "Nendeni salama."